Usiniuzie Picha ya Twiga, Nitajie Kitambaa

Mnakumbuka Juni 2024? Kila mtu hapa Kenya, hata wale hawajawahi kubeba mtoto, alikuwa na maoni kuhusu bei ya pampasi. Mswada wa Fedha ulikuwa umekuja na tozo ya mazingira, na pampasi zilikuwa kwa ile orodha. Tuliingia barabarani, na kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Juni Rais akasema hatautia sahihi, mswada ukaanguka.

Lakini msichana wa miaka 21 aliye na mtoto wa miezi minne pale Pipeline ama Githurai bado anashuka ngazi kila jioni kununua pampasi moja moja dukani, kwa sababu pesa ya pakiti nzima hana. Na kila akifungua simu anaambiwa kuna suluhisho: nunua nepi za kitambaa, fua, tumia miaka miwili, okoa pesa. Anajinyima, ananunua seti ya sita. Baada ya mwezi seti imelala chini ya kitanda, inavuja, inanuka, na mtoto amechubuka mapajani. Amerudi kwa pampasi moja moja, na pesa ya seti imeenda hivyo.

Halafu watu wanasema ni mvivu.

Mimi leo nakataa hilo neno. Huyo msichana si mvivu. Aliuziwa picha ya twiga. Hakuna mtu alimwambia ile nepi imetengenezwa na kitambaa gani, na kila kitu kuhusu nepi kinaamuliwa na kitambaa: kama itanyonya, kama itavuja, kama itanuka, kama itafika mtoto wa pili. Twiga hanyonyi mkojo.

Angalia venye hizi vitu zinauzwa. "Nepi za kisasa, laini, ubora wa juu, rangi zote zipo, delivari mpaka mlangoni." Rangi imetajwa. Bei imetajwa. Delivari imetajwa. Kitambaa? Zii. Ukiuliza unajibiwa "ni materio poa sana, dia." Hilo si jibu. Mama wa chapati anaweza kukuambia kama unga wake ni mweupe ama ni wa brauni, na chapati utakula dakika tano. Kitu kitakaa kwa ngozi ya mtoto mchana na usiku, mwenye kuuza hajui ni nini?

Basi wacha tufungue hiyo nepi, kwa sababu hakuna siri ndani.

Nepi nyingi za kisasa, zile za vifungo na mfuko, ziko na sehemu tatu. Ya nje ni ile yenye picha. Mara nyingi ni PUL, yaani kitambaa cha poliesta kilichobandikwa utando mwembamba wa poliyurethani upande wa ndani. Kazi yake ni moja tu, kuzuia maji yasitoke. Hainyonyi chochote. Na haipendi moto. Ukiichemsha kwa sufuria venye shosho alikuwa anachemsha nepi zake, ama ukiipiga pasi, ule utando unaanza kubanduka, na siku hiyo nepi yako imegeuka kuwa chandarua.

Ya pili ni ile inagusa ngozi. Kwa nepi nyingi za mfuko ni flisi, poliesta tena, ile laini kama sweta ya mtoto. Yenyewe pia hainyonyi sana. Inapitisha mkojo uende chini na kuacha juu pakiwa pakavu kidogo. Hiyo si mbaya, kwa sharti moja: huko chini kuwe na kitu cha kupokea mkojo.

Na hapo ndipo unapigwa. Sehemu ya tatu, ile inafanya kazi yote, ni kile kipande unaingiza ndani ya mfuko. Kwa seti nyingi za bei ya chini hicho kipande ni mikrofaiba. Unaijua mikrofaiba. Ni kitambaa cha familia moja na kile mtu wa kaa woshi anapangusia gari. Inanyonya haraka, hilo nampa. Shida ni kwamba inashika maji venye sponji inashika: ukiifinya, inaachilia. Sasa niambie, mtoto wa Kenya anakaa wapi mchana? Mgongoni kwa leso, kifuani kwa kibebeo, ama kwa mapaja ya mtu ndani ya matatu. Amefinywa siku nzima. Nepi ya mikrofaiba inaweza kuwa haijajaa hata nusu, lakini ukimfunga mtoto mgongoni, rinda lako ndilo linajua ukweli.

Na kuna hatari nyingine kwa hiyo mikrofaiba. Haifai kuguswa na ngozi ya mtoto moja kwa moja, kwa sababu inavuta unyevu bila kuchagua, hata ule wa ngozi yenyewe, na inaacha ngozi imekauka na inawasha. Kazi yake ni kukaa ndani ya mfuko. Sasa mama ambaye hakuambiwa, siku mfuko umelowa na kipande ni kikavu, anafanya nini? Anakiweka juu. Mimi pia ningefanya hivyo kama sijui. Wewe pia.

Halafu kuna zile za kijivu, zinaitwa "mianzi na makaa". Jina tamu, bei juu. Chana moja ya zile za bei rahisi uangalie: mara nyingi kijivu ni flisi ya poliesta iliyowekwa unga wa makaa ya mianzi, na katikati kumejificha mikrofaiba ileile. Rangi ya kijivu inasaidia kitu kimoja kwa uhakika, inaficha doa.

Na hata ile "mianzi" ya kweli ni hadithi ndefu. Mwanzi hausukwi kuwa kitambaa laini hivi hivi tu. Unayeyushwa kwa kemikali, halafu ule uji unageuzwa nyuzi, na hiyo inaitwa viskosi ama reyoni. Marekani wanachukulia hii kitu serious. Mwaka 2022 tume yao ya biashara, FTC, iliwabana Walmart na Kohl's kwa kuuza bidhaa za reyoni zikiwa na jina la mianzi, na kampuni hizo mbili zikakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5. Hazikulipa kwa sababu reyoni ni sumu. Zilishikwa kwa kutumia jina ambalo si la kile kitambaa. Viskosi yenyewe inanyonya vizuri sana. Lakini inakuwa dhaifu ikilowa, kwa hivyo ukiikamua kwa nguvu kama jinzi, unaimaliza. Ona sasa: jina sahihi la kitambaa lingekuambia pia jinsi ya kukifua. Jina la uongo limekunyima vyote viwili.

Sasa tuje kwa ile kitu hamtaki kusikia. Kitambaa cha nepi kinachofaa maisha ya ploti ni kile shosho alikuwa nacho. Pamba.

Najua. Pamba haina twiga. Lakini nyuzi za pamba zinanyonya mkojo na kuushika, hata mtoto akikaliwa na dada yake. Pamba inavumilia maji ya moto, inavumilia pasi, inavumilia kusuguliwa kwa karai. Na kipande kimoja chembamba cha mraba, tuseme sentimita 60 kwa 60, unakikunja ngazi nne ama sita ukikitumia, halafu unakikunjua ukikianika. Hiyo ndiyo akili yake yote. Kikikunjwa ni kinene, kikianikwa ni chepesi, na jua la Nairobi la saa tano mpaka saa nane linakimaliza. Linganisha na ile nepi nene iliyoshonwa kila kitu pamoja, inakaa kwa kamba siku mbili Julai na bado katikati ni mbichi. Kitu kibichi ndicho kinanuka.

Pamba nayo si moja. Kuna ile ya taulo, yenye vitanzi: inanyonya sana lakini ni nene, inachelewa kukauka. Kuna flaneli, ile pamba yenye manyoya kidogo: ni laini na inafaa mtoto mdogo. Kuna melimeli, ile nyepesi ya kufunika watoto: inakauka haraka kuliko zote lakini unahitaji kuikunja mara nyingi. Kama unaishi mahali kamba ya nguo ni ya kugombania, chukua flaneli ama melimeli. Kama uko na uwanja na jua, chukua taulo, hasa za usiku. Huu ndio ushauri anayekuuzia alitakiwa kukupa kabla ya kuuliza kama unataka pinki ama bluu.

Na usidanganywe kwamba lazima iwe mpya. Gikomba, Toi, Kongowea, kuna shuka na taulo za pamba zinauzwa kila siku. Shuka kuukuu ya flaneli inatoa nepi kadhaa, na fundi wa mtaa atakuzungushia ukingo. Shida ni kujua kama ni pamba kweli, kwa sababu kwa mtumba lebo mara nyingi imekatwa. Kuna vipimo viwili. Cha kwanza, weka tone la maji juu. Likikaa kama ushanga, kuna poliesta nyingi ama kitambaa kimejaa mafuta ya kulainisha. Likizama, songa kwa kipimo cha pili. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibano, uuchome mbali na nguo na mbali na mtoto. Pamba inanuka karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kijishanga kigumu. Viskosi itaungua kama pamba, na kwa nepi hiyo haikukoseshi usingizi. Uzi mmoja, sekunde kumi, umejua zaidi ya huyo wa "materio poa".

Hata pamba mpya iko na mambo yake. Ikitoka dukani bado ina nta yake ya asili, kwa hivyo mara ya kwanza mkojo unateleza juu. Inataka kufuliwa mara nne, tano, kwa maji moto na sabuni, ikaushwe, ndipo ianze kunyonya vizuri. Mama akiivalisha mtoto siku ileile imetoka kwa pakiti, ikavuja, anasema nepi ni feki. Hakuna mtu alimwambia.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo moyo wa hii stori uko. Chukua mfano tu, weka bei ya duka lenu. Pampasi moja shilingi 20, mtoto anatumia tano kwa siku. Hiyo ni mia kila siku, 3,000 kwa mwezi, 36,500 kwa mwaka. Sasa sema nepi za pamba mchana, pampasi moja usiku. Pampasi zinashuka hadi 600 kwa mwezi. Umeokoa 2,400. Toa maji: ukifua kila baada ya siku mbili na mitungi mitatu ya bob 10, ni 450. Toa sabuni, sema 300. Bado unabaki na 1,650 kila mwezi. Kama ulitumia 4,000 kununua vitambaa na vifuniko, miezi mitatu haiishi umerudisha pesa yako.

Lakini hiyo hesabu iko na mguu mmoja. Inasimama tu kama nepi inafanya kazi mpaka mwezi wa tatu. Ikivuja na kunuka mwezi wa kwanza, ile 4,000 imepotea na bado unanunua pampasi. Kwa mtu wa mshahara mkubwa hiyo ni hasara ndogo. Kwa msichana anayesuka nywele kulipia keja, hiyo ni rent. Ndiyo maana nasema jina la kitambaa si mambo ya watu wanaojifanya wataalamu. Jina la kitambaa ni pesa.

Tuje kwa kufua, kwa sababu hata pamba nzuri unaweza kuiua.

Nepi ya mkojo inanuka amonia, ile harufu inakupiga macho asubuhi. Inatoka kwa mkojo wenyewe: bakteria wanavunja urea kuwa amonia. Kadri nepi inavyokaa imelowa, ndivyo wanavyofanya kazi, na ngozi ya mtoto ndiyo inalipa. Kwa hivyo badilisha kila baada ya saa mbili ama tatu mchana, na mara moja akinya. Hakuna kitambaa duniani kitakuokoa na kuchelewa.

Choo kigumu kiende chooni kwanza. Nepi za mkojo suuza kwa maji baridi, kamua, weka kwa ndoo bila maji, funika. Usiziloweke siku tatu. Maji ya kulala yanakuwa supu ya bakteria, na ndoo ya maji wazi kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa ni hatari ya kifo, sitanii. Fua kila siku ama kila siku ya pili. Maji moto na sabuni ya unga ya kutosha kwa pamba, maji ya vuguvugu kwa vifuniko vya PUL. Suuza mpaka maji yawe safi, kwa sababu sabuni iliyobaki ndani inakausha kitambaa kisinyonye na inawasha mtoto. Kama maji yenu ni ya chumvi, kama ya visima vingi vya Pwani, unajua venye sabuni ya kipande inakataa povu na kuacha utando kwa nguo. Huo utando unaingia kwa nepi pia. Huko tumia sabuni ya unga, na suuza ya mwisho kwa maji ya mvua ama ya mfereji ukipata.

Ile laini ya kunukia, ya kufanya nguo ziwe kama za hoteli, iweke mbali. Inapaka nyuzi utando, na huo utando unafukuza maji. Yaani unalipa pesa ili nepi yako isinyonye. Mafuta ya mgando nayo, yale tunapaka watoto mpaka wang'ae: kwa pamba ukifua kwa maji moto yanatoka, lakini kwa flisi na mikrofaiba yanashika kabisa, mkojo unateleza juu na kumwagika pembeni. Paka kidogo, ama weka kipande cha kitambaa katikati.

Na Jik. Madada, tafadhali. Dawa ya klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi mbaya ya kuunguza kifua. Usiimwage juu ya nepi zenye mkojo, na usiifanye mazoea, inakula mpira wa kiunoni na utando wa PUL. Jua linafanya kazi hiyo bure. Anika nje, madoa yanafifia yenyewe. Kama unaishi mahali pa joto kama Pwani, piga pasi nepi zote za pamba kabla ya kumvalisha mtoto, hadi kwenye pindo, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwa nguo mbichi iliyoanikwa, na funza wake anaingia kwa ngozi. Nepi ya pamba inakubali pasi. Yenye twiga haikubali. Umeona tena? Kitambaa.

Na mtoto akitoka vipele ambavyo havipungui kwa siku chache, ama vinatoa maji, hiyo si stori ya nepi tena. Nenda kliniki.

Sasa najua kuna watu wako tayari na majibu.

Wa kwanza ni wale wa kuokoa dunia. Mko sahihi, kiasi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini pampasi, ambayo nje yake ni plastiki, inaendelea kwenda Dandora, jaa lililotangazwa limejaa tangu 2001. Na ripoti ya serikali ya Uingereza ya 2023 ilipata nepi za kufua zinachangia joto la dunia kwa karibu asilimia 25 chini ya zile za kutupa. Lakini ripoti yao ya 2008 ilikuwa imeshasema kitu muhimu: faida inategemea jinsi unavyofua. Jaza mashine, anika nje badala ya mashine ya kukausha, tumia tena kwa mtoto wa pili. Wasee, hiyo ndiyo maisha ya ploti. Mama wa Kayole alikuwa anaanika nje na kurithisha nguo kabla ya hiyo ripoti kuandikwa. Kwa hivyo msije kumhubiria. Mtafutieni maji. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na ya kutosha. Siku mfereji ukikauka wiki nzima na mtungi ukipanda bei, mama akitumia pampasi hajakosea dunia. Dunia ndiyo imemkosea.

Wa pili ni wale wanasema nepi za kitambaa ni ushamba, ni za watu wamefulia. Hao sitawajibu sana. Mtoto mchanga hajui bei ya kitu amevaa. Nyinyi ndio mnajua, na nyinyi hamlipi.

Wa tatu ni mabro. Mabro, kaeni hapa kidogo. Kila nikiandika kuhusu nepi mnatuma emoji za kucheka, halafu mnapita. Nepi za kitambaa zinashinda kwa nyumba nyingi kwa sababu hesabu inafanywa kana kwamba mikono ya mama ni ya bure. Kufua nepi 12 ni kazi, saa nzima, mgongo umeinama. Kama wewe ndiye unasema "pampasi ni ghali, tutumie kitambaa," basi umejiandikisha kwa karai. Unafua zamu yako. Huwezi kuokoa pesa kwa mgongo wa mtu mwingine na kuiita bajeti. Na kama mko na uwezo wa mama fua, mlipeni bei ya nepi, msiziingize chini ya mashuka kama mzigo wa bahati mbaya.

Na daikea nyingi za mtaa hazitaki nepi za kufua, wanataka pampasi. Sawa. Tumia pampasi za daikea, pamba nyumbani na wikendi. Hakuna mtu anakupa medali ya kutumia kitambaa asilimia mia. Hata nepi tatu kwa siku ni bob 60 imebaki mfukoni.

Nirudi kwa mnaouza, kwa sababu nyinyi ndio niliwaandikia. Sisemi mfunge biashara. Wengi wenu ni vijana kama mimi, mnatafuta. Lakini kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kile anachonunua. Kikamilifu, si kwa mwezi mmoja. Kwa hivyo chini ya kila picha andikeni mistari mitatu. Nje ni kitambaa gani. Kinachogusa ngozi ni kitambaa gani. Kinachonyonya ni kitambaa gani, na hicho kinafuliwaje. Kama ni mikrofaiba, sema ni mikrofaiba, shusha bei, na mwambie mama asiiweke kwa ngozi. Kama hujui, muulize anayekuletea mzigo. Kama naye hajui, basi usiuzie mtu kitu kitakaa mwilini mwa mtoto wake.

Na wewe unayenunua, iwe ni yako, ya dadako, ama ni zawadi ya bebi shawa mnachangia kwa grupu, usiulize rangi kwanza. Uliza swali moja, kwa maandishi, na usitume pesa mpaka lijibiwe:

Hii ni kitambaa gani?